Namna ya Kuandika Historia ya Posta Ndogo za Milimani: Mwongozo kwa Watafiti wa Kondoa na Mpwapwa

Mtu anayetaka kuandika historia ya posta ndogo katika vijiji vya Milima ya Irangi wilayani Kondoa, au vya Kiboriani na Rubeho upande wa Mpwapwa, kwa kawaida huanza kwa kutafuta jengo, na hapo ndipo kazi inapokwama. Posta nyingi za namna hiyo hazikuwahi kuwa na jengo lake. Zilikaa kwenye kaunta ya duka, katika ofisi ya misheni au katika chumba cha mwalimu mkuu, na wakala alipohama au kufariki dunia, posta nayo ilihama au ikafa. Vitu vinavyofaa kufuatiliwa ni viwili: mfuko wa barua na muhuri wa tarehe. Mfuko utakuonyesha njia, na muhuri utakupa ushahidi.

Anza na njia ya mfuko

Kabla ya kumhoji mtu yeyote, chukua ramani ya wilaya uchore njia ambayo mfuko ulipita kutoka makao makuu hadi kijijini, ukianza na enzi ambayo reli haijafika. Wajerumani walijenga kituo chao Mpwapwa mwaka 1889, katika njia kuu ya misafara itokayo Bagamoyo, na barua za bara zilibebwa kwa miguu na matarishi waliopokezana kituo hadi kituo. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910, na mpangilio wote ukageuka. Njia ya treni haikupita Mpwapwa mjini bali Gulwe, na huko magharibi ikaiacha Kilimatinde pembeni, hivyo miji miwili iliyokuwa mashuhuri wakati wa misafara ikajikuta ikitegemea stesheni iliyo mbali nayo. Kondoa haikupata reli kabisa. Mzigo wake uliposhushwa Dodoma ulikuwa bado na safari ya takriban kilomita 160 kuelekea kaskazini, kwa barabara ambayo baadaye ilikuwa sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini iendayo Babati na Arusha.

Ukishaichora njia hiyo kuu, jiulize kuhusu kipande cha mwisho, kwa sababu hicho ndicho hasa historia yako. Kutoka Kondoa mjini hadi Haubi, au kutoka Mpwapwa hadi vijiji vya juu vya Rubeho, nani aliubeba mfuko, kwa baiskeli, punda au lori la mwenye duka, na siku gani ya juma? Masika makorongo yalipojaa, mfuko ulisubiri upande gani? Ukurasa mmoja wenye majibu ya maswali haya una thamani kuliko kurasa kumi za sheria na mashirika.

Soma muhuri kabla ya stempu

Omba wenyeji wakuonyeshe bahasha za zamani, vitabu vya akiba vya Benki ya Posta, stakabadhi za barua za rejesta na za fedha zilizotumwa. Kitabu cha akiba ni hazina inayosahauliwa. Kila fedha zilipowekwa au kutolewa, karani aligonga muhuri wa ofisi yake pembeni ya kiasi, kwa hiyo kitabu kimoja cha mwalimu mstaafu kinaweza kukupa tarehe nyingi za ofisi ileile zikifuatana, na hata kukuonyesha mwaka ambao mwenye kitabu aliacha kuitumia ofisi ya karibu akaanza kwenda mjini.

Muhuri usomwe kwa utaratibu. Jina la ofisi huwa limezunguka ukingo wa duara na tarehe iko katikati. Mihuri ya Wajerumani iliandika Mpapua na Kondoa-Irangi, tahajia ambazo zenyewe hukuelekeza kwenye enzi. Ya Waingereza iliandika mwezi kwa kifupi cha Kiingereza. Kisha geuza bahasha, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Barua za rejesta mara nyingi ziligongwa muhuri mwingine nyuma pale zilipopita na pale zilipopokelewa, na tofauti ya tarehe hizo ndiyo muda halisi wa safari. Tuseme mbele imeandikwa Dodoma tarehe 3 na nyuma Kondoa tarehe 9 ya mwezi Machi: siku 6 kwa kilomita 160 ni nyingi, na kwa kuwa Machi ni mwezi wa mvua, una sababu ya kuwauliza wazee kuhusu barabara mwaka huo.

Piga picha pande zote mbili, karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni ili wino uliofifia uonekane. Usibandue stempu wala usiikate kona ya bahasha. Wakusanyaji wa stempu wameharibu ushahidi mwingi kwa mkasi, wakabaki na picha nzuri isiyosema ilitoka wapi.

Stempu yenyewe inakupa mwaka ambao barua haiwezi kuwa imetumwa kabla yake, si zaidi ya hapo, kwa kuwa mtu aliweza kukaa nayo sandukuni muda mrefu kabla ya kuitumia. Thamani iliyoandikwa kwa «pesa», sarafu ndogo ya koloni la Wajerumani, ni ya miaka ya 1893 hadi 1905, ambapo sarafu ya heller ilichukua nafasi yake. Herufi G.E.A. (German East Africa) zilizochapwa juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda ni za utawala wa Waingereza baada ya majeshi yao kuiteka Kondoa-Irangi mwezi Aprili 1916 na Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo. Kichwa cha twiga kilianza mwaka 1922. Kuanzia mwaka 1935 zikaja stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, na hapa mtafiti awe macho: stempu hizo zilitumika halali katika nchi zote tatu, kwa hiyo haziwezi kukuambia barua ilitumwa nchi gani. Ni muhuri tu unaoweza.

Jua karatasi zilikokwenda

Huduma ya posta imebadilisha mwenyewe mara kadhaa, na kila badiliko lilihamisha mafaili. Mwaka 1933 posta za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda, uongozi ukiwa Nairobi. Baada ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967 makao makuu yalihamishiwa Kampala. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, likaundwa Shirika la Posta na Simu Tanzania. Kisha mwaka 1994 posta na simu zikatenganishwa, ndipo likaanza Shirika la Posta Tanzania tunalolijua leo. Usishangae, basi, faili la ofisi yako la miaka ya 1950 lisipopatikana Dodoma. Katika Nyaraka za Taifa, tafuta kwanza Vitabu vya Wilaya (District Books) vya enzi ya Waingereza, ambamo maofisa waliandika habari za wilaya zao, pamoja na mafaili ya Jimbo la Kati, ambalo makao yake yalikuwa Dodoma. Nenda na barua ya utambulisho, na uandike namba kamili ya kila faili unalolisoma.

Mipaka nayo ina mitego yake. Chemba ilikuwa sehemu ya Kondoa hadi mwaka 2012, na Kongwa ilikuwa chini ya Mpwapwa hadi miaka ya 1990, kwa hiyo tafuta kwa jina la wilaya mama. Tena mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Dodoma ilihamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa, na jina lililo kwenye muhuri wa mwaka 1960 linaweza kuwa la mahali ambapo leo pana mashamba matupu, huku kijiji chenye jina hilo kikiwa kilomita kadhaa kutoka hapo. Hakikisha na wenyeji kabla hujaweka alama kwenye ramani.

Uliza maswali yenye kumbukumbu ndani yake

Swali la «Posta ilifunguliwa mwaka gani?» humfanya mzee akisie ili asikuvunje moyo. Mwamkie ipasavyo, mweleze unachofanya, kisha uliza kuhusu barua anayoikumbuka. Barua ya kuitwa kidato cha kwanza ilimfikia kwa mkono wa nani? Wakati wa Vita ya Kagera, mwaka 1978 na 1979, barua za askari zilisomwa wapi, na nani aliwasomea wasiojua kusoma? Jina la nani lilikuwa kwenye sanduku la posta? Swali hili la mwisho lina uzito, kwa kuwa kijiji kizima kingeweza kutumia S.L.P. ya shule au ya misheni, na mwalimu akawa ndiye posta bila kuajiriwa na posta. Mtu akisimulia kwamba majina yalisomwa paredi asubuhi, muulize barua za wasio na mtoto shuleni zilipelekwaje.

Wahoji pia wanawake waliopokea fedha kutoka kwa waume waliokuwa mashamba ya mkonge au mijini, maana wao ndio waliosimama foleni na wanajua ni mara ngapi karani aliwaambia hakuna fedha, warudi juma lijalo. Kwa miaka ya karibuni, muulize kila mmoja ni lini alituma au kupokea fedha kwa posta kwa mara ya mwisho, ukilinganisha na mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza nchini.

Kuandika

Panga masimulizi kwa kufuata njia, si kwa kufuata watawala: sura ya matarishi, sura ya reli na malori, sura ya sanduku la shule, sura ya mabasi na simu. Kila tarehe ieleze imetoka kwenye muhuri, kwenye faili au kwenye simulizi, na vikipingana, viache vyote viwili vionekane. Bahasha inatosha kwa historia ya posta; barua iliyomo ndani ni ya mwenyewe, usiichapishe pasipo ruhusa yake au ya warithi, na katika picha funika majina na namba za akaunti. Nakala moja ya kazi yako iende ofisi ya kijiji, nyingine shuleni, na bahasha zote zirudishwe kwa wenyewe kabla hujaanza kuandika sura ya kwanza.