“Sorry” ina sura nyingi, izijue kabla haijakuponza

Wiki yangu ya kwanza kazini Uingereza, katika nyumba ya kutunzia wazee, mwenzangu alijikwaa akamwaga chai. Nikasema “sorry”, kama tulivyozoea shuleni kwetu. Akanikazia macho, akauliza nimemfanya nini. Nami nilikuwa nampa pole tu.

Sisi tuna pole na tuna samahani. Ukimpa mtu pole kwa kujikwaa, kufiwa au kuumwa mafua, hakuna anayedhani wewe ndiye uliyemponza. Kiingereza kimevitia vyote viwili katika chungu kimoja. Na asili ya neno lenyewe iko upande wetu: katika Kiingereza cha kale, “sarig” alikuwa mtu mwenye maumivu au huzuni. Kuomba radhi kulikuja baadaye.

Kwa hiyo mwenzako akijikwaa, muulize “are you all right?” Mfiwa mwambie “I'm sorry for your loss”, hapo hakuna utata. “Pole na kazi” usijaribu kuitafsiri, hawana salamu hiyo.

Sikiliza na sauti. “Sorry?” inayopandishwa mwishoni maana yake hujasikika, rudia. Wengi wetu hudhani tumeombwa radhi, tunatabasamu na kunyamaza, huku mtu anasubiri jibu. Kwenye treni za London, “sorry” ya anayejipenyeza ni kuomba njia. Marekani mahali hapo utasikia zaidi “excuse me”. Barua yenye “we are sorry to inform you” imekukatalia ombi, lakini isome mpaka mwisho, huenda nafasi ya kukata rufaa imeandikwa chini. Na anayekuambia “you'll be sorry” anakutishia.

Linaloniuma zaidi ni ajali. Watu wetu hukanywa wasilitamke kabisa neno hili magari yakigongana, basi wanasimama kimya mbele ya majeruhi kama wasio na utu. Kwa England na Wales, sheria ya fidia iitwayo Compensation Act ya 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Jimbo la Ontario, Kanada, nalo lina sheria ya kulinda radhi katika kesi za madai tangu 2009. Mpe mtu pole yake. Unachopaswa kujizuia nacho ni kujihukumu papo hapo kwa “it was my fault” kabla hujajua kilichotokea. Kwenye fomu andika ulichokiona: saa, mahali, nani alikuwa wapi.

Na ukihojiwa kupitia mkalimani, iwe hospitali, polisi au mahakamani, mweleze waziwazi kama ulimpa mtu pole au ulimwomba samahani, na umsisitize alifafanue hilo kwa Kiingereza. Asipofanya hivyo, yote mawili yataandikwa “sorry”.