Kadi ya mkopo Marekani: kutoka bila skoa hadi tiketi ya pointi

Mtu aliyefika Marekani na akiba nzuri benki anaweza kunyimwa kadi ya limiti ya dola 500, huku jirani yake mwenye deni la gari na la nyumba akipewa ya dola 15,000. Akiba haisemi lolote kuhusu tabia yako ya kulipa madeni, na benki inataka ushahidi wa tabia hiyo. Aliyezoea CRB (kampuni za kumbukumbu za mikopo) za Kenya, ambako wengi huzitaja wakihofia kuorodheshwa kama wadaiwa sugu, atakuta mambo yamegeuka: hapa kutokuwa na jina kabisa kwenye kumbukumbu ndilo tatizo la kwanza.

Kumbukumbu hizo huwekwa na kampuni 3: Equifax, Experian na TransUnion. Kutokana nazo hukokotolewa skoa, yaani alama ya kukupima kama mkopaji, na benki nyingi hutumia ile ya FICO, inayoanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 ya skoa hiyo ni kulipa kwa wakati, 30 ni kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganisha na limiti yako, 15 ni umri wa akaunti, 10 ni maombi mapya na 10 ni mchanganyiko wa aina za mikopo. Hili la mwisho lisikusumbue. Wapo wanaochukua mkopo wa gari wasiouhitaji ili "kujenga kredit", wakaishia kulipa riba ya miaka 5 kwa ajili ya pointi chache za skoa.

FICO haitoi skoa mpaka uwe na akaunti iliyotimiza miezi 6. Kwa hiyo hesabu miezi 6 ya kuonekana, mingine kama hiyo ya kuaminika, ndipo uombe kadi ya safari, yaani ile inayokupa pointi za tiketi za ndege. Ukiruka hatua, huenda ukakataliwa.

Jina na namba

Kabla ya kuomba chochote, amua jina lako litaandikwaje, na lisibadilike tena. Wenye majina matatu huumia hapa: pasipoti ina matatu, kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) ina mawili, akaunti ya benki imegeuza la ukoo likawa la kwanza. Matokeo yake ni faili mbili za nusunusu za mtu mmoja, na benki ikichungulia inaona moja tu. Fuata jina lilivyo kwenye kadi ya Social Security, herufi kwa herufi. Anwani pia iandikwe kwa namna ileile kila mahali, pamoja na namba ya nyumba.

Asiye na namba ya Social Security anaweza kupata ITIN, namba ya mlipa kodi, kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa fomu ya W-7, ambayo kwa kawaida huambatanishwa na ritani ya kodi. Capital One na American Express hupokea maombi yenye ITIN. Ukija kupata Social Security baadaye, waarifu IRS na benki zako ili historia ya namba ya zamani ihamie kwenye mpya, haihami yenyewe.

Kadi ya kwanza

Njia ya uhakika zaidi ni kadi ya dhamana: unaweka amana, na amana hiyo ndiyo inakuwa limiti yako. Nyingi huanzia dola 200. Capital One Platinum Secured inaweza kukupa limiti ya dola 200 kwa amana ya dola 49, 99 au 200, kulingana na watakavyokupima. Amana hurudishwa ukifunga akaunti bila deni au ukipandishwa kwenda kadi ya kawaida. Usilipe ada ya mwaka kwa kadi ya aina hii, na ikimbie kabisa ile inayodai ada ya kila mwezi au "ada ya kushughulikia ombi". Kadi hizo hulenga watu wanaoamini hawana pengine pa kwenda.

Mwanafunzi aangalie kwanza kadi za wanafunzi, ambazo hazihitaji amana. Aliye chini ya miaka 21 lazima aonyeshe kipato chake mwenyewe au awe na mdhamini; ndivyo sheria ya CARD ya mwaka 2009 inavyotaka. Ukiwa na ndugu mwenye kadi ya siku nyingi asiyechelewa kulipa, anaweza kukuongeza kama mtumiaji wa nyongeza, na kwa kawaida historia ya kadi hiyo huingia kwenye ripoti yako, yaani kumbukumbu zako kwa zile kampuni 3. Si lazima akupe kadi yenyewe mkononi. Lakini akijaza limiti au akichelewa, nawe unachafuka.

Aliyekuwa na mikopo Kenya ajaribu American Express, inayoweza kusoma historia ya mikopo ya nje kupitia kampuni ya Nova Credit. Kenya imekuwamo kwenye orodha ya nchi zake. Angalia orodha ya sasa kabla ya kuomba.

Benki nyingi zina ukurasa wa kupima kama utakubaliwa bila kugusa skoa. Anza hapo. Ombi kamili huacha alama kwenye ripoti kwa miaka 2, ingawa FICO huihesabu kwa mwaka mmoja tu.

Tarehe mbili

Wanaoharibu mwanzoni wengi hawana tatizo la pesa. Wamechanganya tarehe. Kadi ina siku ya kufunga stetimenti (taarifa ya mwezi) na siku ya mwisho ya kulipa, na kati yake sheria inataka siku zisizopungua 21. Salio lililopo siku stetimenti inapofungwa ndilo ambalo kwa kawaida hupelekwa kwa zile kampuni 3. Ukilipa lote baada ya hapo, hudaiwi riba, lakini ripoti tayari imeshasema ulitumia kiasi gani.

Tuseme limiti ni dola 200 na stetimenti hufungwa tarehe 12 Machi. Umenunua vitu vya dola 150. Ukiacha hivyo, ripoti itasema umetumia asilimia 75, na skoa itashuka hata kama hujawahi kuchelewa. Lipa dola 140 ifikapo tarehe 8, kwa kuwa malipo huweza kuchukua siku 1 hadi 3 za kazi kuingia. Stetimenti itafungwa ikiwa na dola 10, yaani asilimia 5. Hizo dola 10 utazilipa kabla ya siku ya mwisho, tuseme tarehe 6 Aprili. Chini ya asilimia 10 ndipo pazuri. Sifuri kabisa kwenye kadi zote si bora kuliko dola chache.

Zoezi hili si la kujitesa nalo kila mwezi. Kwa FICO 8, toleo la skoa ambalo bado linatumika sana, matumizi ya limiti hayana kumbukumbu: mwezi huu asilimia 75, mwezi ujao 5, na skoa inarudi. Fanya hivyo mwezi mmoja au miwili kabla ya kuomba kadi mpya. Kuchelewa kulipa ndiko kusikofutika upesi, maana hukaa kwenye ripoti miaka 7.

Weka malipo ya otomatiki siku ileile kadi inapofika, na uchague salio lote la stetimenti. Programu nyingi huweka kiwango cha chini mbele, na mtu akigusa haraka anajikuta akilipa dola 25 kila mwezi huku deni lililobaki likizaa riba. Kwa mara ya kwanza lipa mwenyewe kwa mkono, kwa sababu otomatiki iliyowekwa karibu na siku ya malipo mara nyingi huanza kazi mzunguko unaofuata. Ukipitiwa kwa siku chache, lipa hapohapo, piga simu na uombe ada ya kuchelewa iondolewe. Mara ya kwanza wengi husamehewa. Kwenye ripoti, kuchelewa huandikwa kuanzia siku 30.

Kutuma pesa nyumbani kwa kadi

Hili linastahili mahali pake. Kampuni za kutuma pesa hupokea kadi za mkopo bila kinyongo, na mtu huwaza: dola 300 kila mwezi, pointi bure. Ila benki nyingi huhesabu muamala huo kama kutoa pesa taslimu. Ada yake mara nyingi ni dola 10 au asilimia 5, ile iliyo kubwa, na riba huanza siku hiyohiyo bila muda wa msamaha. Pointi huwa hupati hata moja. Tuma kwa akaunti ya benki au kadi ya debiti. Unaweza pia kuiomba benki ishushe kikomo chako cha pesa taslimu hadi chini kabisa, ili muamala wa namna hiyo ukatae wenyewe.

Mwezi wa 6 hadi wa 12

Skoa ikitokea, vuta ripoti zote 3 kwenye AnnualCreditReport.com, ni bure, hata kila wiki. Soma majina, anwani na akaunti usizozijua. Kosa hupingwa kwa kampuni iliyoliandika, ambayo kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza.

Kuna benki zinazoanza kukagua akaunti za dhamana karibu na mwezi wa 7 kuona kama zinafaa kupandishwa. Kadi ya kwanza usiifunge ikiwa haina ada. Inunulie kitu kidogo kila baada ya miezi michache isije ikafungwa kwa kukaa bure. Kadi ya pili, isiyo na ada na yenye kurudisha pesa kidogo, inaweza kuja kati ya mwezi wa 8 na wa 12.

Ukikataliwa, benki lazima ikueleze sababu. Barua ikisema haikuweza kuona ripoti, huenda uliwahi kuifunga dhidi ya wezi ukasahau. Kuifungua ni bure. Capital One huwa inachungulia kampuni zote 3, hivyo moja tu ikiwa imefungwa ombi hukwama.

Kadi ya safari

Bonasi ya kukaribishwa ndiyo yenye uzito. Pointi za ununuzi wa kila siku huja polepole. Sharti lake ni kutumia kiasi fulani ndani ya muda, kwa mfano dola 4,000 katika miezi 3. Saa huanza kuhesabu siku ulipokubaliwa, si siku bahasha ilipofika. Ada ya mwaka, kutoa taslimu na kuhamisha deni havihesabiwi. Kaya inayotumia dola 900 kwa mwezi kwenye kadi itafikisha 2,700 na kukosa. Isubiri mwezi wa kulipa bima ya gari ya miezi 6 au karo ya chuo, kisha iombe.

Mpangilio wa maombi una maana. Chase kwa kawaida hukataa aliyefungua kadi 5 au zaidi ndani ya miezi 24, na zile ulizoongezwa kama mtumiaji wa nyongeza humo zinaweza kuhesabiwa. Kwa hiyo wengi huanza na Chase. American Express hutoa bonasi ya kadi moja mara moja tu kwa mtu, basi usiichukue wakati ofa iko chini. Hakikisha pia kadi haitozi ada ya miamala ya nje ya nchi, ambayo mara nyingi ni asilimia 3. Kadi za Capital One na Discover haziitozi.

Na riba. Dola 1,000 zikilala kwenye kadi ya riba ya asilimia 24 kwa mwaka huzaa takriban dola 20 kwa mwezi. Ununuzi uleule kwenye kadi ya pointi 1.5 kwa dola ulikupa pointi 1,500, kama dola 15 hivi. Mwezi mmoja tu umekula zote. Mwenye deni linalobaki alilipe kwanza, mambo ya pointi yasubiri.

Kuzitumia

Tafuta kiti kabla ya kuhamisha pointi kutoka benki, kwa sababu zikishaingia kwa shirika la ndege hazirudi. Ethiopian Airlines imo Star Alliance, umoja wa mashirika ya ndege, kwa hiyo viti vyake vya Addis Ababa na kuendelea Nairobi, Dar es Salaam au Kilimanjaro hutafutwa kwa United au Aeroplan, mpango wa pointi wa Air Canada. Kenya Airways, yenye ndege ya moja kwa moja kutoka New York tangu 2018, imo SkyTeam, umoja mwingine. Linganisha: tiketi ya dola 1,300 dhidi ya pointi 60,000 na kodi ya dola 100 ni senti 2 kwa pointi, bei nzuri. Ikishuka chini ya senti 1, lipa pesa taslimu na utunze pointi. Angalia kodi na tozo kwa makini, maana kuna mashirika yanayobebesha tiketi ya "bure" mamia ya dola.

Mwezi mmoja kabla ada ya mwaka wa pili haijaingia, amua kama kadi bado inakulipa. Kama hailipi, iombe benki ikubadilishie kwenda kadi yake isiyo na ada, ili umri wa akaunti na limiti vibaki. Ikibidi kuifunga, hamisha au tumia pointi kwanza. Kwenye benki kadhaa akaunti ikifungwa nazo hupotea.