Kumtoa mhusika jukwaani na kumpeleka mbele ya kamera

Sisi tunaocheza nafasi za pembeni, mjomba, mganga, mama mwenye nyumba, tunaishi kwa jukwaa na kamera pia. Nafasi hizi nazipenda kuliko za staa. Tumchukue mama mwenye nyumba, maana ndiye ninayeitwa kumcheza mara nyingi.

Anza na mikono, maneno yatafuata. Nenda wanakokaa watu wa aina hiyo, kaa kimya, uangalie mikono inafanya nini. Huyu mama nilimpata kwenye pindo la khanga: kodi inaingia, anahesabu noti huku kamkazia macho mpangaji, anafunga fundo, analikaza kwa meno. Hajasema neno na umeshamjua.

Jukwaani, fundo hilo lazima alione hata aliyekaa nyuma kabisa. Kwenye ukumbi mkubwa kama wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, nageukia watazamaji, nainua pindo hadi kifuani, ndipo nang'ata. Sauti itoke tumboni, na silabi ya mwisho usiimeze. Wanaoanza wengi huimeza, na utani wote unapotea hapo.

Mbele ya kamera, muulize mpiga picha fremu inaishia wapi. Ikiishia mabegani, fundo halionekani, kwa hiyo pesa zihesabu kwa macho. Sauti ishushe iwe ya kuongea na mtu aliye kando yako, ila hamu ya kuipata ile kodi ibaki palepale. Halafu kumbuka mkono. Kama kwenye picha pana ulifunga kwa mkono wa kulia ukitamka neno "kesho", picha ya karibu nayo iwe kulia, neno lilelile. Mikono isipolingana, mhariri anakosa pa kuunganisha, na wa kwanza kukatwa ni sisi wa pembeni. Mimi huandika kando ya mswada: mkono, neno, khanga ipi. Khanga yenyewe usiifue mpaka muongozaji aseme sini zako zimekwisha.

Kuhusu lafudhi, mtazame marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi, vichekesho vya televisheni ya KBC ya Kenya, aliyefariki 2015. Alikuwa Mkikuyu, lakini lafudhi ya Kijaluo aliivaa hadi wengi wakaamini ni Mjaluo. Ukitaka kujifunza lafudhi, sikiliza mtu anavuta pumzi wapi na neno gani analikaza, kisha mwombe mwenye lugha akusahihishe. Kukusanya makosa ya kabila fulani ili watu wacheke ni dharau, na mimi nafasi ya namna hiyo naikataa.

Kabla hujakubali kazi, uliza siku ngapi, nauli na chakula juu ya nani, na zikirudiwa picha utalipwaje. Yaandikwe, wote mtie sahihi, kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi.