Namna ya Kulitumia Neno "Mkono"

Maana ya msingi ya "mkono" ni kiungo chote kinachoanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Ukitaka kutaja sehemu yake mahususi, taja kiganja au kisugudi. Upatanisho wake hauna utata: mkono umevimba, mikono imevimba.

Penye makosa mengi ni umilikaji. Anayejifunza Kiswahili huandika "alishika mkono wangu", ilhali mzungumzaji wa kawaida husema "alinishika mkono", kwa kuwa kiambishi "ni" kilichomo katika kitenzi kimekwisha kumtaja mwenye mkono. Vivyo hivyo sema "amevunjika mkono" na "nawa mikono", bila kuongeza "wake" wala "yako". Kimilikishi kiache hadi pale unapolinganisha: "Alishika mkono wangu, si wako."

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotawala nahau "kuunga mkono", yaani kukubaliana na mtu au jambo na kulisaidia. Tunasema "nakuunga mkono", "tunawaunga mkono", na katika hali ya kutendwa, "hoja imeungwa mkono". Angalia kwamba neno lenyewe hubaki katika umoja hata wanaounga wakiwa elfu. Wengi husema "naunga mkono hoja", na sina ugomvi nao katika mazungumzo, lakini katika maandishi makini ni afadhali kuandika "naiunga mkono hoja".

Unapotaka kuonyesha mahali, ongeza "-ni" na ufuatishe "mw-": "fedha zimo mkononi mwake", "mtuhumiwa yumo mikononi mwa polisi". Unapotaka kuonyesha namna kitu kilivyofanywa, tumia "kwa": barua iliyoandikwa kwa mkono.

Nahau nyingine zinahitaji tahadhari, kwa sababu humsema mtu vibaya. Mwenye mkono wa birika ni bahili, na mwenye mkono mrefu ni mdokozi, asiyeacha kitu cha mwenzake kikalala. Kwa hiyo, ukikusudia tu kueleza umbo la mtu, tumia wingi, "ana mikono mirefu", ndipo msikilizaji asidhani unamshtaki kwa wizi. Shati halina shida hiyo: shati la mikono mirefu ni lile linalofika kwenye vifundo vya mikono, basi.