Kujenga reli ndogo ya mfano nyumbani Dodoma: kutoka ubao mtupu hadi treni inayozunguka bila kuanguka

Anayeishi Dodoma ana bahati ambayo wapenzi wengi wa treni za mfano hawana, kwa sababu reli za vizazi viwili zinapita katika mji wake. Ya kwanza ni Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na ambayo upana wake ni mita moja. Ya pili ni SGR, reli ya umeme yenye upana wa milimita 1,435, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika Dodoma katikati ya mwaka 2024. Mwongozo huu umeandikwa kwa yule anayetaka kuijenga mojawapo ya hizo juu ya ubao chumbani kwake. Nimeibomoa yangu mara mbili kabla ya kufika hapa nilipo, na mara zote mbili sababu ilikuwa moja: niliruka hatua. Kwanza ni ubao, kisha reli, kisha umeme, na mandhari huja mwisho kabisa. Kosa la ubao halionekani mpaka umeshalaza reli, na kosa la umeme halionekani mpaka umeshamwaga kokoto, kwa hiyo kila hatua inapaswa kujaribiwa na kuthibitishwa kabla ya kuifunika kwa inayofuata.

Chagua kipimo kabla ya kununua chochote

Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani huitwa HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87. Ukigawanya milimita 1,435 za SGR kwa 87 unapata milimita 16.5, na huo ndio upana wa reli za HO zinazouzwa, hivyo anayeijenga SGR kwa kipimo hiki anakuwa sahihi bila kubadilisha chochote. Anayeipenda Reli ya Kati atakuta hesabu inamgeuka: mita moja ikigawanywa kwa 87 ni milimita 11.5, na mafundi wa kipimo hicho hutumia reli ya milimita 12, ambayo vifaa vyake ni vichache na bei yake ni kubwa. Mimi naipenda zaidi reli ya zamani, lakini nilianza na ya milimita 16.5 na ninamshauri kila anayeanza afanye hivyo. Kipo pia kipimo cha N, ambacho hupunguza mara 160 na kutumia reli ya milimita 9. Kinafaa sana chumba kidogo, ila kwa vumbi letu sikipendekezi kwa mwanzo, kwa sababu chembe ya mchanga ambayo gurudumu la HO hupita juu yake hulizuia kabisa lile dogo la N.

Reli, kichwa cha treni, mabehewa na magurudumu kwa kawaida huagizwa kutoka nje. Vingine vyote vinapatikana mjini, kwa wauza mbao, kwa mafundi redio na katika maduka ya vifaa vya ujenzi.

Plaiwudi huuzwa kwa kipande cha futi 8 kwa 4. Mwombe muuzaji akukatie futi 2 pembeni, ubaki na ubao wa sentimita 183 kwa 122, na kile kipande kidogo ukitunze kwa ajili ya vilima na majukwaa. Juu ya ubao huo unaweza kuchora njia ya mviringo yenye kona za nusu kipenyo cha sentimita 44 na sehemu mbili zilizonyooka za sentimita 80 kila moja. Behewa halisi la mita 20 huwa na sentimita 23 katika HO, kwa hiyo kichwa kimoja na mabehewa mawili husimama stesheni bila kugusa kona.

Kila mtu hutamani kuweka daraja ambapo njia moja inapita juu ya nyingine. Fanya hesabu kwanza. Treni ya chini inahitaji nafasi ya sentimita 7 hivi, na mwinuko ambao kichwa kidogo hupanda bila kuteleza ni sentimita 2 kwa kila mita, hivyo unahitaji mita 3.5 za kupanda na 3.5 nyingine za kushuka, wakati mzunguko wetu wote una mita 4.4 tu. Daraja hilo halitoshi hapa, na ni bora kulijua jambo hili kwenye karatasi.

Ubao ulionyooka mwezi Februari

Fremu yangu ya kwanza niliitengeneza Februari, katikati ya msimu wa mvua, kwa mbao za mbili kwa mbili nilizonunua asubuhi na kuzipigilia misumari jioni. Zilikuwa nzito na za baridi mkononi, dalili ambayo seremala yeyote angeitambua kuwa ni mbao mbichi, lakini mimi nilifurahia tu kwamba zimenyooka. Mvua za Dodoma hukoma Aprili, na kuanzia hapo mpaka Desemba hewa ni kavu na upepo hauna huruma. Mwezi Agosti niliweka pima maji juu ya ubao na kukuta katikati pamenyanyuka milimita 6. Reli, ambazo hazikupungua urefu wakati mbao zikisinyaa na kupinda, zilikuwa zimesukumana kwenye kiungio kimoja mpaka zikasimama kama paa la nyumba, na mabehewa yalikuwa yakiachana hapo kila mzunguko.

Tiba yake ni subira. Zilaze mbao katika chumba kilekile zitakamotumika, juu ya vipande vidogo vinavyoruhusu hewa kupita chini, kwa wiki sita au zaidi, kisha uchague zile zilizobaki zimenyooka. Tumia skrubu badala ya misumari ili uweze kulegeza na kurekebisha. Paka plaiwudi rangi pande zote mbili na kwenye kingo, kwa kuwa ubao uliopakwa upande mmoja tu hunyonya unyevu kwa upande wa pili na kujikunja.

Kulaza reli

Chora kona kwa msumari na uzi wa sentimita 44. Shikiza reli kwa pini ndogo kwanza, wala usiguse gundi. Kati ya ncha ya reli moja na nyingine acha mwanya wa unene wa kadi ya benki, ambao ni karibu robo tatu ya milimita, ili joto la mchana lisizifanye zisukumane. Kwenye kona, hakikisha kiungio hakitengenezi pembe, kwani treni nyingi huangukia hapo.

Jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, alikuja siku moja kuangalia kazi hii, akanikuta nimesimama nikiikagua reli kutoka juu. Akaniambia, "Mwanangu, reli haitazamwi ukiwa umesimama. Ilalie." Akainama mpaka shavu likagusa ubao, akafumba jicho moja, akatazama kwa kufuata reli kuelekea dirishani. Nilipofanya vivyo hivyo niliona mambo matatu ambayo sikuwa nimeyaona kwa wiki nzima: kona iliyovunjika kidogo kwenye kiungio, taruma moja, yaani kipande cha kulalia reli, lililonyanyuliwa na pini iliyopinda, na reli ya kulia iliyokuwa chini kuliko ya kushoto kwa kiasi cha unywele. Tangu siku hiyo hakuna reli ninayoigandisha bila kuilalia kwanza, nikiwa na taa upande wa pili.

Treni ikianguka, usianze kukuna na kusukuma ovyo. Jiulize kama ni mahali palepale kila mara, au ni behewa lilelile kila mahali. Ikiwa ni mahali palepale, kosa liko kwenye reli, nawe pitisha kidole polepole juu ya kiungio utalisikia. Ikiwa ni behewa lilelile, pima umbali kati ya migongo ya magurudumu yake, ambao kwa HO unapaswa kuwa karibu milimita 14.4, kisha angalia uzito. Chama cha waundaji wa reli za mfano cha Marekani kinapendekeza gramu 28 za mwanzo na gramu 14 kwa kila inchi ya urefu, hivyo behewa la sentimita 23, ambalo ni inchi 9, linahitaji takribani gramu 155. Langu moja lilikuwa na 90. Nilibandika nati ndani ya sakafu yake mpaka mizani ikafika, na halijaanguka tena.

Umeme unaodanganya

Treni nyingi za HO za kawaida hutumia volti 12 za umeme wa mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri), na reli zenyewe ndizo waya. Kamwe usiunganishe reli na umeme wa ukutani bila adapta. Adapta nzuri ya volti 12 yenye ampea 1 au 2 pamoja na kidhibiti mwendo inatosha. Anayetumia betri ya sola ili umeme ukikatika treni isisimame aweke fyuzi karibu kabisa na betri, kwa sababu betri ya namna hiyo ikigusanishwa waya zake hutoa mkondo mkubwa wa kutosha kuwasha moto.

Tatizo litakalokusumbua kuliko yote ni treni inayokimbia upande mmoja wa ubao na kujikokota upande wa pili. Nilipambana nalo kwa mwezi mzima kwa sababu nilikuwa nikipima vibaya. Nilikuwa nikiiondoa treni, naweka mita ya kupimia umeme kwenye reli, inasoma volti 12 kila mahali, nami naamini kwamba umeme ni mzima na mota ndiyo mbovu. Hata nilimfungua mnyonge yule wa mota bila sababu. Siku niliyopima treni ikiwa inatembea, mita ilisoma 11.8 karibu na adapta na 7.9 upande wa mbali. Viungio vyenye kutu na uchafu hupunguza umeme pale tu mkondo unapopita. Mkondo usipokuwapo, hakuna kinachopungua.

Kwa hiyo usivitegemee viungio kupeleka umeme. Pitisha waya mbili nene chini ya ubao kuzunguka njia yote, nyekundu na nyeusi, na kutoka kwenye hizo pandisha waya nyembamba hadi kwenye reli kila baada ya mita moja. Zilehemu upande wa nje wa reli ili magurudumu yasizigonge. Mataruma ni ya plastiki na huyeyuka haraka, hivyo weka pamba iliyoloa maji kila upande wa mahali unapolehemu na usikae na kifaa cha moto zaidi ya sekunde chache. Asiyewahi kulehemu amwombe fundi redio amwoneshe mara mbili tatu; ni kazi ya mchana mmoja, na matokeo yake ni treni inayotembea kwa mwendo mmoja mzunguko mzima.

Mchanga, sumaku na vumbi

Usimwage kokoto mpaka treni imezunguka mara 20 mbele na mara 20 kinyumenyume, polepole, bila kuanguka. Kokoto halisi ya reli yenye sentimita 5 huwa kama nusu milimita katika HO, hivyo mchanga wa korongoni uliopita kwenye chujio la chai unafaa kabisa, na rangi yake ni ya nyumbani. Uoshe, uukaushe, kisha upitishe sumaku ya spika kuukuu iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, sumaku ilitoka na ndevu nyeusi za chembe za chuma. Chembe hizo hizo, nilipokuwa sijajua, zilirukia sumaku ya mota na kuisaga mpaka ikanata. Rudia mpaka sumaku itoke safi.

Mwaga mchanga kwa kijiko, usambaze kwa brashi, unyunyizie maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha udondoshee gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Mahali reli zinapogawanyika, ambapo watu wa reli hupaita pointi, usiweke gundi karibu na vile vipande vyembamba vya reli vinavyohama. Weka pia makalvati chini ya tuta, kwa kuwa mtu yeyote wa reli atayatafuta: kipande cha Reli ya Kati kutoka Kilosa hadi Gulwe kimekatwa na mafuriko mara nyingi, ikiwamo msimu wa mvua wa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Mibuyu ni rahisi. Sokota nyaya za shaba, vimbisha shina kwa karatasi laini na gundi, uache matawi wazi kama yanavyokuwa kiangazi. Mbuyu wa mita 15 utakuwa na sentimita 17, nao utaonekana mkubwa kupita kiasi pembeni ya behewa, lakini ndivyo ulivyo.

Kuanzia Juni, funika ubao wote kwa shuka la pamba kila unapomaliza, na dirisha la upande wa upepo lifungwe. Safisha reli kwa kitambaa chenye spiriti, adapta ikiwa imechomolewa. Usitumie msasa, kwani mikwaruzo yake hushika uchafu mpya haraka kuliko reli laini.

Kila kosa ninaliandika kwenye daftari, pamoja na tarehe, mahali na kipimo. La juzi linahusu njia ya kuchepukia ninayoiongeza stesheni: behewa la tatu linaanguka kwenye pointi likiingia kinyumenyume, na gurudumu lake la nyuma limesoma milimita 14.1. Nitalivuta hadi 14.4, kisha nihesabu tena mizunguko 20.