Kabla ya kufyeka, jua nyuki walipo

Mrina asali huwaendea nyuki akiwa amejiandaa, moshi mkononi. Anayefyeka huwakurupusha bila kujua, panga likigonga gogo lenye uwazi au jembe likivunja kichuguu kikuukuu. Hivyo kazi ya kwanza ni kulizunguka shamba kukiwa na mwanga na mashine zimezimwa. Simama dakika chache penye kila kichuguu, mti wenye tundu na mzinga uliotelekezwa. Nyuki wakiingia na kutoka mahali pamoja, hapo ni kwao: weka alama kwa mbali, usipeleke msumeno wala mashine ya kufyekea, maana mngurumo na mtikisiko huwachokoza. Mwite mrina asali aje jioni kuwahamisha. Kuwachoma kwa mafuta ya taa ni kutafuta balaa. Mbuzi na punda wasifungwe karibu. Aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia.

Vaa nguo za rangi ya mwanga, mikono mirefu, suruali ikichomekwa ndani ya soksi au kufungwa juu ya buti. Acha manukato nyumbani. Kwa nge, kung'uta buti kila asubuhi na kutoinua mawe au kuni kwa mikono mitupu kunatosha kwa sehemu kubwa.

Nyuki akidunga huacha mwiba pamoja na mfuko wa sumu, na harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wenzake. Ndiyo maana hatusimami kung'oa miiba papo hapo. Funika uso kwa shati, acha macho yaone njia, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari. Usipunge mikono, usijitose bwawani: watakungoja juu ya maji. Ukishafika salama, kwangua miiba haraka kwa ukucha. Kutafuta wembe ni kuiongezea sumu muda. Vua pete, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi.

Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, mtu akitapika au akizimia, ni dharura. Mlaze, miguu juu. Anayehema kwa shida aketi. Anahitaji sindano ya adrenalini pajani, basi ulizia mapema ni zahanati ipi inayo. Aliyedungwa mara makumi apelekwe hospitali hata akijiona mzima, kwani sumu nyingi huumiza misuli na figo, na mkojo wa rangi ya chai huweza kuja baadaye.