Kumpima mzabuni kwa kazi atakayoifanya

Mzigo ukichelewa, lawama zote humwendea mzabuni. Ukilifungua jalada la zabuni, mara nyingi utakuta dalili zilikuwapo tangu siku ya tathmini.

Anza kabla ya kutangaza. Kaa na idara itakayotumia bidhaa, mwandike mambo matatu au manne yanayoweza kuuharibu mkataba huu hasa: kuchelewa, ubora hafifu, kukosa vipuri, kuishiwa fedha njiani. Kila hatari ipewe kigezo na ushahidi wake. Leseni na cheti cha kodi viwe vya kufaulu au kushindwa tu, bila alama, kwa kuwa havionyeshi nani anaiweza kazi.

Uwezo wa fedha ndio unaopuuzwa zaidi. Chukua mkataba wa 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi. Mzabuni akihitaji siku 30 kuandaa mzigo, nawe ukalipa siku 60 baada ya ankara, atabeba miezi mitatu, sawa na 30,000, kabla ya kupokea malipo ya kwanza. Mtake aonyeshe fedha taslimu au mkopo wa benki wa kiasi hicho, baada ya kuondoa mahitaji ya mikataba mingine aliyonayo. Mauzo makubwa ya mwaka jana hayatoshi: huenda fedha yote imeshafungwa kwingine. Na taasisi inayochelewesha malipo isishangae wazabuni wazuri wakiikimbia.

Kwenye alama, tazama tofauti kati ya wazabuni, usiishie kwenye uzito wa kigezo. Ubora ukipewa alama 40 na wote wakapata kati ya 34 na 36, ni bei iliyochagua, hata kama nyaraka zinasema vingine. Dawa yake ni kueleza mapema kila alama inapatikanaje. Kwa mfano, mikataba mitatu inayofanana iliyokamilika kwa wakati ni alama 10, miwili ni 6, mmoja ni 3. Vigezo visibadilike baada ya kufungua zabuni. Wala usivikaze kupita kiasi, utabaki na mzabuni mmoja na bei yake.

Bei ikiwa chini mno ya makadirio, usiifute papo hapo. Omba kwa maandishi mchanganuo wa malighafi, usafiri, vibarua na kodi, bila kuruhusu bei kubadilishwa. Asiyeweza kuieleza bei yake ataifidia kwenye ubora, au ataacha kazi.

Kabla ya tuzo, yaani kumpa mshindi mkataba, mhakiki: tembelea ghala, wapigie wateja wa zamani, linganisha tarehe za mkataba na za kupokea mzigo. Kisha ahadi zake ziingie kwenye mkataba: siku za kufikisha, majina ya wataalamu, sampuli iliyofungwa kwa lakiri.

Kwa kila oda andika tarehe iliyoahidiwa, tarehe ya kupokelewa na idadi iliyokataliwa. Oda 18 kati ya 20 zikifika kwa wakati, hiyo ni asilimia 90, na kumbukumbu hiyo iwekwe tayari kwa kamati ya zabuni ijayo.